ThinkPad T480 ya mtumba: laptopu ya kuanzia nayo semista kama unasoma kompyuta sayansi

Semista inaanza na kwenye magrupu ya chuo swali ni lilelile, nina laki sita mpaka saba nichukue laptopu gani, na majibu yanakuwa mengi mpaka mtu anachanganyikiwa anaishia kubeba iliyo kwenye boksi kwa sababu tu ni mpya. Mimi nasoma kompyuta sayansi hapa Dar, semista iliyopita nimeimaliza na Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba na hii naingia nayo tena, kwahiyo nasema kabisa: kwa hela hiyo chukua T480, achana na laptopu mpya ya bei chee yenye Celeron (prosesa dhaifu ya Intel) na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya 4GB.

Mwanzoni hutaona tofauti. Mkiwa bado mnaandika vijiprogramu vya C vya mistari hamsini, kompyuta yoyote inakompaili. Shida inakuja mkianza database, mifumo endeshi na mambo ya Android. Android Studio peke yake Google wanataka angalau RAM ya 8GB, na ukiweka na emuleta wanasema 16GB. Alafu kuna VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya yako, unaipa Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) yake 4GB, pembeni Chrome ina matabu kibao, lekchara yuko Zoom anaonesha slaidi, hapo laptopu ya 4GB inaganda jumla mpaka unaizima kwa kushikilia kitufe na kazi uliyokuwa hujasevu inaondoka nayo. Na hizo mpya za bei chee nyingi RAM imechomelewa kabisa kwenye ubao, hata ukipata bumu (hela ya mkopo wa chuo) baadae huwezi kuongeza kitu, umeshaoa.

Sasa T480. Ilitoka 2018, maofisi ya Ulaya na Marekani yalizinunua kwa wingi alafu yakaziachia, ndo maana zimejaa sokoni na spea zake zipo. Yangu ina Core i5 ya kizazi cha 8, kori nne, ilikuja na RAM 8GB na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya 256GB, nikaongeza kipande kingine cha 8GB. Hapa ndo pananifurahisha zaidi, ina nafasi mbili za RAM na zote zinachomoka. Na kuifungua sio kazi ya fundi hata. Unawasha unabonyeza F1 kuingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), unaenda sehemu ya Config kisha Power, unazima betri ya ndani, unachomoa ile ya nje, unageuza mashine unalegeza skrubu sita (hazidondoki, zinabaki kwenye mfuniko), alafu unapitisha kile kiplastiki cha laini ya simu pembeni kuzunguka mpaka mfuniko unaachia. RAM unaiona hiyo hapo. Unaiingiza kwa kuilaza kidogo, unaikandamiza mpaka vibana vya pembeni viseme ka!, unafunga. Kama unasomea kompyuta nakushauri uifanye mwenyewe, maana utaona kwa macho feni iko wapi, SSD iko wapi, betri ya ndani imekaaje, vitu ambavyo darasani vinabaki kuwa michoro kwenye slaidi.

Kitu cha pili ni betri, ziko mbili, moja ya ndani yenye 24Wh (kipimo cha umeme inaobeba) na nyingine ya nje unayoichomoa kwa nyuma. Ukiwa na ya nje ya akiba unaichomoa iliyoisha unaweka nyingine bila kuzima mashine, ile ya ndani inashikilia. Kwa mtu anayekaa hosteli soketi moja watu wanne, au umeme umekatika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya asaimenti, hii ni msaada mkubwa sana. Na inachaji kwa USB-C, kwahiyo chaja ya USB-C ya 65W ya mshkaji wa jirani inafanya kazi vizuri.

Kibodi sina cha kulalamika, unaandika masaa na vidole havichoki. Ubuntu imeingia bila shida, wifi imekubali hapohapo, sauti, kamera, kila kitu. Ina tundu la waya wa neti pia, na tulipofanya maabara ya mitandao wenye laptopu nyembamba walikuwa wanazunguka kuazimana adapta, mimi nachomeka naendelea.

Kuinunua sasa, hapa uwe makini maana Kariakoo ni Kariakoo. Winga, yule dalali wa mtaani, akikuona umeshika begi la chuo anakuja na T470 anakwambia ni ileile tu. Sio ileile. T470 ni kizazi cha 6 au cha 7, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa prosesa karibu zote za Intel, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Kama utatumia Linux tu haikuhusu sana, ila kama chuoni kwenu kuna programu za Windows inakuhusu. Mwingine atakupa T480s, nyembamba na nzuri kuitazama, lakini ile RAM moja imechomelewa na nafasi imebaki moja tu, na betri ya nje haina. Soma jina pale kwenye kona ya skrini na ugeuze chini usome lebo, usisikilize mdomo.

Alafu usitoke dukani bila kubonyeza F1. Hizi mashine zilikuwa za makampuni, nyingine zimebaki na paswedi ya BIOS, Windows inawaka vizuri tu na duka linakuonesha inawaka, ukifika nyumbani unataka kubut flashi ya Ubuntu inakuomba paswedi ambayo hamna anayeijua. Na hii paswedi haitoki kwa kuchomoa kile kibetri kidogo cha saa kilichoko kwenye ubao kama watu wanavyodanganyana, Lenovo wenyewe njia yao ni kubadilisha ubao mzima. Mwenzangu wa darasani ilimkuta hiyo, duka silitaji, alirudi nayo wakamzungusha wiki nzima ndo wakambadilishia. Hela ya mwanafunzi inauma, mtu kajibana kwenye chakula ili apate laptopu alafu anauziwa kimeo, sio haki hata kidogo na wenye maduka wanajua vizuri wanachofanya.

Betri nayo ipime. Fungua ile skrini nyeusi ya amri kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea faili, fungua linganisha uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao sasa, zote mbili, ya ndani na ya nje. Chini ya nusu dai punguzo au wabadilishe. Chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C ukiichezesha kidogo, ikikatika katika kimbia, yale matundu yameshikana na ubao mama na kuyatengeneza ni gharama. Angalia na kibodi pia, zilizotoka Ujerumani herufi Z na Y zimebadilishana na alama kama mabano zimekaa kwengine kabisa, ukiwa unaandika programu siku nzima hiyo ni mateso. Usisahau risiti yenye namba ya mashine, na waranti iandikwe, sio ya mdomo.

Ukishafika nayo nyumbani, kabla ya kuweka hata VS Code, ingia kwenye tovuti ya Lenovo ushushe apdeti ya fimwea (programu ya ndani ya kichipu) ya Thunderbolt, lile tundu moja la USB-C lenye kasi zaidi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na tatizo, kile kichipu cha Thunderbolt kinajiandikia kumbukumbu mpaka kinajaa alafu tundu linakufa, chaji haiingii wala skrini ya nje haionekani. Apdeti inalizuia ikiwekwa mapema, ikishakufa ni fundi.

Mabaya yake yapo na nayasema. Skrini ni hafifu, hata ile ya FHD (1920 kwa 1080) mwanga wake ni niti 250, ukikaa nje chini ya mti saa saba mchana husomi kitu. Na kuna zenye skrini ya 1366 kwa 768, hizo zikatae kabisa, rangi zinageuka ukisogea kidogo na kodi yako inaonekana nusu ukurasa. Spika zimeelekea chini, sauti ndogo, bila earphone mafunzo ya YouTube huyasikii watu wakiwa chumbani. Feni inalia ukikompaili mradi mkubwa wa Android. Nzito kidogo pia, ukiwa unagombania daladala asubuhi utaiona kwenye bega.

Na kama wewe semista hii mnaingia kwenye kufundisha mamodeli ya AI, T480 haina kadi ya picha ya maana, zile zenye MX150, kadi ndogo ya picha ya Nvidia, zina nafuu ndogo tu. Ila hata laptopu nyingine ya laki saba haitakuwa nayo, sisi tunatumia Google Colab, kompyuta za Google unazozitumia kupitia mtandao, ya bure inatosha kwa asaimenti mpaka sasa.

Naipa nyota nne, moja nimekata kwa ile skrini. Madogo mnaoingia mwaka wa kwanza hamna haja ya kukimbilia siku bumu linaingia, siku hizo Kariakoo bei zinapanda na watu wananunua kwa haraka bila kukagua, subirini kidogo labu za chuo zipo za kuanzia. Mimi kwa sasa nasaka ile betri ya nje kubwa ya 72Wh, orijino sio kopi maana kopi zinavimba, mwenye kujua inapopatikana hapa Dar aseme.