Mfumo wa kutunza mashine na ujuzi wa mafundi: tumeutumia msimu mzima kiwanda cha korosho Mtwara, nyota tatu na nusu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake, ni tatu na nusu kati ya tano. Jina la kampuni sitaji maana kuna hela bado tunabishana nao na bosi kanikataza, ila wenye viwanda huku kusini mtawajua tu, ni wale vijana wanaotoka Dar na tisheti zimefanana na vishikwambi mkononi, wanakuuzia programu ya kusajili mashine zako zote na sevisi zake na spea zake, afu juu yake wanakuuzia huduma wanayoiita kuvuna ujuzi, yaani wanakaa na mafundi wako wanawarekodi yale wanayoyajua ili fundi akiondoka asiondoke na kiwanda kichwani.

Mi ni fundi mkuu kwenye kiwanda cha kubangua, sio kikubwa, boila moja la kutengenezea mvuke, mashine za kubangulia, matanuri mawili ya kukaushia, kompresa, mashine ya kupaki kwa vakyumu, na kina mama wanaochambua mezani. Tuliwekewa mfumo mwezi wa pili 2024.

Kilichomfanya bosi akubali ni hiyo ya kuvuna ujuzi. Na mtu wa huku huhitaji kumhubiria sana, wazee wanakumbuka serikali ilijenga viwanda 12 vya korosho vyenye mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani, afu korosho zenyewe zikaanguka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 80, vingi vikalala, vingine vikawa maghala. Sababu zilikuwa nyingi najua, lakini mitambo ikilala na waliojua kuiwasha nao wanatawanyika, mmoja kafa, mwingine karudi kulima Newala, na siku unataka kuiamsha unakuta chuma tu na kitabu cha Kiitaliano. Bosi baba yake alifanya kazi kwenye kimojawapo, kwa hiyo hiyo hoja ilimwingia.

Sasa sisi tuna mzee wetu, sote tunamwita Babu, miaka yake ya kustaafu imeshapita zamani na bado yupo. Babu ndo boila, Babu ndo tanuri. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye nyumba ya beringi (ile ringi ya gololi inayoshika mhimili uzunguke), kishikio anakibandika sikioni, anafumba macho, afu anakwambia hii ina wiki mbili. Na inakuwa wiki mbili.

Wiki ya kwanza ya kazi walianzia stoo na hapo nawapa nyota zote tano bila kubisha. Walimwaga kila kitu chini. Beringi moja, 6205, tulikuwa nayo kwenye daftari kwa majina matatu: mtunza stoo wa zamani aliandika "beringi 6205", aliyefuata akaandika "beringi ya feni ndogo", na mwingine akaandika "25 kwa 52" kwa vipimo vyake. Kwa hiyo kila fundi akiuliza kwa jina lake anaambiwa imeisha, tunaagiza Dar kwa basi, na huku nyingine zimelala rafu ya juu zinaota vumbi. Kwenye hesabu ndo aibu zaidi, kuna kompresa tuliyoiuza chuma chakavu kitambo na mhasibu bado alikuwa anaishusha thamani kila mwaka, wakati jenereta tunayoitegemea umeme ukikatika haimo kwenye kitabu kabisa, kihesabu kama vile haipo. Wale vijana walitembea na mhasibu mashine moja moja, kugusa kwa mkono, hamna kuhesabia ofisini. Hata usiponunua programu yao hilo fanya, daftari na kalamu vinatosha.

Afu walikuja kwa Babu, na Babu akakataa.

Hakukataa kwa maneno, alikuwa anawajibu tu "ndiyo mwanangu", "sawa mwanangu", "hiyo unaizoea tu", siku tatu nzima hawajapata kitu. Yule binti aliyekuwa anarekodi akaja kwangu anataka kulia. Nikamfuata Babu jioni, nikampa shikamoo yake, nikakaa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nyumba yangu ya Chikongola imesimama kwa sababu boila hili wengine wanaliogopa. Nikiwapa yote kwenye simu yao, mwezi ujao nani atanikumbuka?" Ukweli sikuwa na jibu. Na hii ndo sehemu ambayo hawa jamaa hawakuwa wamejiandaa nayo hata kidogo, wanakuja na maikrofoni utadhani ujuzi ni mahindi, unafika unavuna, hawajiulizi shamba la nani. Kilichosaidia ni bosi kumwandikia Babu mkataba wa miaka miwili kama mwalimu, na posho kila kijana anayefuzu mashine. Hilo wazo halikutoka kwa washauri, lilitoka kwa mhasibu, yule yule wa kompresa. Nusu nyota nimewakata hapo.

Baada ya mkataba Babu akafunguka na hapo ndo nikaona thamani ya hela. Mfano mmoja. Feni ya tanuri namba mbili ilikuwa inatuua, Babu alipougua miezi kadhaa nyuma kijana alibadilisha beringi, mpya, orijino, saizi sahihi, ikakaa wiki tatu ikagandia, akabadilisha tena, wiki tatu tena. Tukailaumu mota, tukaulaumu umeme, tukamlaumu muuza duka. Kwenye rekodi Babu anasema tu kwa kupita, "ile ya tanuri lazima iwe na C3". Basi. C3 ni alama inakaa mwishoni mwa namba, maana yake uwazi kati ya gololi na njia yake ni mkubwa kidogo kuliko wa kawaida, chuma kikipata joto kikatanuka gololi bado inabaki na nafasi ya kuzunguka. Ya kawaida kwenye tanuri inajibana yenyewe mpaka inakufa. Namba kubwa ni ile ile, tundu ni lile lile, dukani Mtwara unapewa yoyote iliyopo. Babu alikuwa anajua miaka yote na hakuna mahali palipoandikwa. Sasa hivi ukiskani kwa simu stika ya mfumo iliyobandikwa kwenye ile feni, kitu cha kwanza unasikia sauti ya Babu sekunde 40, na stoo hawakupi isiyo na C3 hata ulie.

Sauti ndo kitu bora kwenye huu mfumo, narudia. Mafundi wetu hawaandiki, wanaongea. Kijana wa shifti ya usiku anaskani, anasikiliza, anafanya.

Ila sasa maandishi! Wanasema programu ina Kiswahili. Jamani. Beringi imeandikwa "kuzaa", kwa vile Kiingereza neno ni moja, bearing. Sikutanii, nilipata kazi kwenye simu inasema "kagua kuzaa kwa mbele", nikampelekea mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mashine na majengo yanaitwa "mali ya kimwili". Na ukitaka kuripoti ubovu unapewa orodha ndefu ya kuchagua iliyotafsiriwa hivyo hivyo, wakati kijana wangu anachotaka kusema ni kile alichofundishwa na Babu: ikilia kama mtu anatafuna mchanga bado ina siku, ikilia kama chura zima sasa hivi. Chura hayumo kwenye orodha. Matokeo yake wanachagua "nyinginezo" kila siku, na ripoti ya mwisho wa mwezi inasema kiwanda chetu kinasumbuliwa sana na nyinginezo.

Jingine ni ratiba za sevisi. Walipanga kwa kalenda, tia grisi kila wiki mbili. Kiwanda cha korosho hakiendi hivyo, kuna miezi mzigo umekata mashine zimelala na simu bado inalia tia grisi, tia grisi. Vijana ama wanabonyeza nimemaliza bila kufanya, na hapo umeshaanza kufuga uongo ndani ya mfumo, ama watiifu wanatia kweli, na beringi ya mota ukiishindilia grisi kupita kiasi inachemka na kufa kama tu ile uliyoisahau. Tuliwaambia waweke kwa masaa ya kufanya kazi, ilichukua miezi minne. Sasa iko sawa.

Intaneti ndo kesi kubwa kwa sisi wa huku. Mwezi wa tano 2024 mnakumbuka, kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mabasi yamekwama, spea yetu ya pampu ya boila iko kwenye mojawapo ya hayo mabasi, afu wiki iliyofuata nyaya za baharini zikakatika intaneti ikayumba nchi nzima. Mfumo wote uko kwenye seva sijui wapi huko. Kwa hiyo spea hamna, na maelezo ya jinsi ya kuirudishia ile ya zamani yako mbinguni. Babu akatoa mfukoni kidaftari chake kimejaa mafuta ya maganda ya korosho, akatusomea. Tulipolalamika wakatuambia toleo la kufanya kazi bila mtandao lipo ila ni la bei ya juu. Tumelilipia, linafanya kazi vizuri kusema kweli, lakini kumuuzia mtu wa Mtwara au Lindi mfumo bila hicho kitu ni kumuuzia mtumbwi bila kafi. Hii ndo hela tunayobishana.

Malipo ni kwa kichwa kwa mwezi, kwa dola, kwa hiyo bosi alinunua akaunti tano na mafundi tuko 14. Wanachangia. Sasa kila kazi inaonekana kafanya mtu mmoja, yule mwenye simu nzuri, na siku tulipotaka kujua nani aliacha valvu ya boila wazi mfumo ukasema ni yeye na yeye alikuwa Nanyamba msibani.

Stika za karatasi msizikubali, mvuke na mafuta ya maganda vinazila ndani ya mwezi, na hewa ya chumvi inamalizia. Tumechongesha vibati vya alumini kwa fundi wa mtaani, tumevifunga kwa ribeti, vimekaa. Walituambia pia mfumo unakuandaa kwa cheti cha ISO 55001, kile cha kimataifa cha usimamizi wa mali za kampuni, sijui, labda wakubwa wanakihitaji, mi ninachohitaji ni cheti cha ukaguzi wa boila kisiishe tarehe bila mtu kujua, na hilo linakumbusha vizuri, siku 60 kabla.

Kama imelipa? Msimu wa 2024/25 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo ya ghafi, na ujue kilo moja ya korosho safi inakula kilo nne hivi za ghafi, kwa hiyo tanuri likisimama siku moja mzigo wa hela nyingi umekaa unakungoja, na benki haikungoji. Feni ya tanuri namba mbili haijasimama tangu C3. Kwa hiyo kwangu ndiyo, imelipa.

Ukiwa na kiwanda kidogo na unataka kuwaita, wape stoo kwanza wakiwa hata hawajafungua kompyuta, mkataba wa mzee wako usaini kabla maikrofoni haijafika, na toleo la bila mtandao liwe ndani ya bei ile ile, kwa maandishi. Huduma kwa simu wanapokea, Ijumaa mchana hawapokei. Yule binti wa kurekodi ukimpata yeye shukuru, anajua kunyamaza mtu akiongea.

Babu kidaftari chake bado anacho mfukoni. Nimemuuliza juzi kama yote yameshaingia kwenye simu, akacheka. Na wakirekebisha hilo la kuzaa nitarudi kuongeza nusu nyota.