Uzoefu wangu na makasha ya vifaa saidizi vya dharura hapa Dodoma

Haya ni maoni yangu kuhusu makasha ya vifaa saidizi, yaani viti mwendo, magongo na vingine vya kumsaidia mtu mwenye ulemavu au aliyeumia, yanayoletwa inapotokea dharura: mafuriko, ajali kubwa, mlipuko wa ugonjwa. Nayatoa kama mtu wa fiziotherapia anayefanya kazi Dodoma na wilaya zake. Nawaandikia wenzangu wa hospitali, maafisa ustawi wa jamii na vyama vya watu wenye ulemavu, maana kesho wao ndio wataulizwa, "Tuwaletee nini?" Sitataja waliotengeneza wala waliotuletea. Vitu vingi vilivyomo ni vizuri, lakini vinakuja bila vipimo, bila vipuri na bila daftari, na hapo ndipo tunapoumia.

Kwanza mzigo wenyewe. Kanda ya kati hatupati dharura ya aina moja. Ajali ya treni ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002 iliua watu zaidi ya 280, na ajali ya namna hiyo huwaleta majeruhi wote kwa siku moja. Maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, mkoa jirani wa Manyara, ya tarehe 3 Desemba 2023 yalizoa nyumba na kila kilichokuwa ndani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kumfungia mtu njia jioni. Kwa hiyo kuna makundi mawili ya kuhudumiwa: walioumia leo, na waliokuwa na ulemavu tangu zamani ambao wamepoteza kiti, magongo, mguu bandia au miwani wakati wa kukimbia. Makasha yanafikiria kundi la kwanza tu. Kundi la pili halifiki hospitali, kwa sababu kuvunjikiwa na magongo si ugonjwa, basi nalo linasahaulika darasani kwenye shule walikohifadhiwa watu.

Nianze na viti mwendo, kwa sababu ndivyo ghali na ndivyo vinavyoharibika kuliko vyote. Kinacholetwa mara nyingi ni kile kiti cha kukunja cha hospitali: magurudumu madogo ya mbele membamba ya plastiki ngumu, kitambaa cha kukalia kinacholegea, hakuna mto. Ndani ya wodi kinafaa. Kipeleke Chamwino au Bahi kwenye mchanga, gurudumu la mbele linazama, kiti kinasimama ghafla na aliyekaa anaangukia mbele. Kwa ardhi yetu nachagua kile kirefu cha magurudumu matatu, chenye gurudumu moja kubwa la mbele lililosogezwa mbali na miguu. Hakipinduki ovyo, kinapita kwenye mchanga na mawe. Ubaya wake ni kwamba kinahitaji nafasi kubwa ya kugeuzia, hakiingii kwenye vyumba vingi vya kupanga vya Chang'ombe ya hapa Dodoma, na kukipakia kwenye bajaji ni shughuli. Anayekaa mjini kwenye sakafu ya saruji mpe cha magurudumu manne, ila chenye magurudumu ya mbele mapana.

Matairi sasa. Huku kwetu kuna mbigili na miiba ya migunga, na tairi la upepo halikai bila pancha. Wapo wanaoshauri matairi magumu yasiyo na upepo. Kwa mtu mwenye nguvu za mikono na njia ngumu, sawa. Kwenye mchanga ni mazito, na mtikisiko wake wote unaingia kwenye mgongo wa mtu. Mimi nabaki na tairi la upepo, mradi kasha lije na tyubu za akiba, viraka, solusheni na pampu. Na hapa kuna jambo linalowakwamisha wengi: tairi la kiti mwendo la inchi 24 na tairi la baiskeli la inchi 24 si kitu kimoja. Soma namba ndogo iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Viti vingi vinatumia 37-540, baiskeli za milimani za inchi 24 zinatumia 507. Namba ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita, na tofauti hiyo ya milimita 33 inatosha tairi lisikae kabisa. Tyubu unaweza kuazima kwa muda, tairi huwezi. Kwa hiyo kabla ya kupokea msaada uliza namba hiyo, kisha mpigie fundi baiskeli wa mjini ujue kama analo. Beringi za magurudumu madogo ziwe za 608, zenye tundu la milimita 8, maana hizo zinapatikana madukani. Upepo pima kwa kidole gumba: bonyeza tairi kwa nguvu, likibonyea zaidi ya milimita 5, ongeza.

Upimaji hauhitaji mashine. Unahitaji utepe wa fundi cherehani, vitabu viwili vya kubana nyonga pande zote, na dakika chache za utulivu. Upana wa kiti ulingane na upana wa nyonga. Kina chake kiwe urefu wa paja, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha utoe milimita 30 hadi 60, ukingo usije ukakata nyuma ya goti. Kimo cha vikanyagio kifuate urefu wa mguu chini ya goti, na hesabu unene wa mto. Makasha mengi yanakuja na upana mmoja tu, sentimita 45. Mtu mwembamba akikaa humo anainamia upande mmoja, uti wa mgongo unapinda, na uzito wote unakaa kwenye mfupa mmoja wa kalio. Mkiulizwa, ombeni upana wa sentimita 35, 40 na 45, na vya 40 viwe vingi zaidi. Na viti vya watoto viombwe peke yake, kwa sababu mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyewekwa kwenye kiti cha mtu mzima na kuzungushiwa mablanketi hawezi kumeza vizuri, na chakula kinaweza kuingia njia ya hewa.

Mto ndio kitu ninachokigombania kuliko kiti. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu makalioni, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kuanza ndani ya saa chache tu. Kidonda hicho kikifika mfupani na kuingia uchafu, mtu anakufa wiki au miezi baada ya dharura, na takwimu za maafa hazimhesabu. Kila mto upimwe hivi: mtu akae wima, ingiza vidole vyako kati ya mto na mfupa wa kalio kwa upande, kisha umwambie akae juu ya ncha za vidole. Ukiweza kuchezesha ncha juu na chini milimita 5 au zaidi, ni salama. Ukishindwa kuzichezesha lakini ukaweza kuzitoa kwa urahisi, ni tahadhari. Vidole vikibanwa kabisa, mto huo haumfai. Rudia upande wa pili, kwa sababu mara nyingi upande mmoja ndio unaoumia. Halafu mfundishe yeye na anayemuuguza: kuinama mbele au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30 akiwa kitini, kugeuzwa kila saa 2 akiwa kitandani, na kukagua ngozi kila siku. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Gusa uone kama pana joto, pamekuwa pagumu au pamebadilika rangi kuliko pembeni. Sponji ya kawaida ya godoro iliyokatwa mraba haitoshi, inalala haraka mno. Ikibidi kuitumia, weka tabaka gumu chini na laini juu, chonga shimo dogo pale mifupa inapokaa, na uibadilishe mapema.

Magongo ya kwapa yaliyomo ni mazuri na nayapa alama za juu. Acha vidole 2 hadi 3 kati ya kwapa na gongo, kiwiko kikunjwe kidogo, uzito upite viganjani. Anayening'inia kwa makwapa anabana mshipa wa fahamu na mkono unaanza kufa ganzi. Shida ni raba za chini: zinaisha, chuma kinatokeza, na kwenye sakafu yenye maji mtu anateleza. Kila jozi ya magongo ije na raba za akiba.

Bendeji za kuvutika kwa waliokatwa mguu zinaletwa za upana mmoja, nazo zinapaswa kuwa mbili: sentimita 10 kwa aliyekatwa chini ya goti, 15 kwa aliyekatwa juu ya goti. Zungusha kwa mtindo wa namba nane, ikaze zaidi mwishoni mwa kigutu na ilegee unapopanda. Ukikaza juu, kigutu kinavimba chini kama puto, na hakitaingia kwenye mguu bandia. Ifunguliwe na kufungwa upya mara kadhaa kwa siku. Na tafadhali, wauguzi wenzangu, msiweke mto chini ya goti la mgonjwa kwa huruma. Goti likizoea kukunjwa kwa wiki kadhaa, fundi wa viungo bandia hata awe amesomea TATCOT, chuo cha mafundi hao pale Moshi, hatakuwa na la kufanya. Alale kifudifudi dakika 20 hadi 30, mara mbili tatu kwa siku, kama jeraha na kifua vinaruhusu.

Sasa uratibu, ambao kwa maoni yangu ndio nusu ya kifaa. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa timu za matibabu za dharura vinataka mtaalamu mmoja wa utengamao, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujimudu, kwa kila vitanda 20. Hata pale tunapomfikia huyo mmoja, mgonjwa anapotea mlangoni, siku ya kuruhusiwa. Vitanda vinahitajika, anaambiwa aende nyumbani, na nyumba yenyewe imekwenda na maji. Ninachodai ni kitu kidogo: katika dharura, fomu ya kuruhusiwa ya kila aliyevunjika, aliyekatwa kiungo, aliyeumia kichwa au uti wa mgongo iwe na sahihi ya mtu wa utengamao. Bila sahihi haondoki.

Pili, daftari moja kwa mkoa mzima, na mtu mmoja anayelishika. Mashirika matatu yakigawa viti kwa orodha tatu, mmoja anapata viwili na mwingine hapati. Safu zake ziwe hizi: jina, anakolala sasa (si anakotoka), simu ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, tatizo, kifaa na kipimo chake, tarehe ya kupewa, tarehe ya kuonwa tena, na fundi wa karibu. Safu ya anakolala ndiyo inayoharibika haraka, kwa sababu watu wanahama kutoka shuleni kwenda kwa ndugu, kwa hiyo isahihishwe kila wiki na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyo anayeshika daftari akae kwenye kikao cha kamati ya maafa na apewe dakika zake. Asipokuwemo, vitazungumzwa mahema, unga na dawa, na kikao kitafungwa.

Kwenye kipindupindu makasha haya yanaonyesha udhaifu mwingine. Kitanda chenye tundu la kupitishia choo kinaokoa maisha, lakini kwa aliyepooza ukingo wa tundu ni kisu. Weka pedi ya sponji iliyofunikwa plastiki kuzunguka ukingo, mgeuze kila saa 2, mkaushe kila anapochafuka. Kiti chake kisizuiwe getini. Aingie nacho, na siku ya kutoka kifutwe kwa maji ya klorini ya asilimia 0.2, kiachwe dakika 10, kisha kisuuzwe kwa maji safi na kupakwa oili kwenye ekseli. Wasiposuuza, klorini inakula chuma na beringi zinakwama. Mto usiloweshwe. Vua foronya uioshe, na sponji iwe imefungwa plastiki tangu mwanzo.

Choo cha kambi kipangwe kabla ya kuchimbwa. Mlango upana wa sentimita 90, na mteremko wa kuingilia kwa kipimo cha 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4. Viti vya choo vya plastiki vilivyomo kwenye kasha vinavunjika miguu vikikaa kwenye udongo usio sawa. Seremala anaweza kutengeneza cha mbao cha kimo cha sentimita 45, chenye vishikio pande zote mbili, na kikichakaa anakirekebisha mwenyewe.

Kama mnaandika oda leo, ongezeni mstari mmoja ambao sijawahi kuuona kwenye orodha ya msaada: malipo ya fundi baiskeli mmoja kwa kila wilaya kwa mwaka mzima, pamoja na vipuri vyake. Mkataba wake usainiwe siku ileile viti vinapopokelewa, na namba yake ya simu iandikwe kwa rangi isiyofutika nyuma ya kila kiti.