TAHADHARI: Seti za chupa za sabuni ya vyombo zinazouzwa kwa picha

Jamani, nyie mnaopenda sinki lipendeze, someni hii kabla hamjalipia zile seti zinazozunguka mitandaoni sasa hivi. Mnazijua: chupa ya sabuni ya vyombo yenye sura ya marumaru au kioo cha kahawia, pampu ya rangi ya dhahabu, imekalishwa kwenye trei ndogo pamoja na sponji na brashi ya mpini wa mbao. Nyuma ukuta mweupe, na jua la asubuhi linaingia kwa upole. Chini imeandikwa "punguzo linaisha leo". Rudi wiki ijayo, punguzo lilelile bado linaisha leo.

Jina la akaunti iliyoniuzia silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia. Malalamiko yalipoanza kurundikana walibadilisha jina, na hilo jipya nalo watalitupa. Nitaeleza mchezo wenyewe, kwa sababu akaunti nyingine zinaucheza vilevile, kwa picha zilezile, hata makosa ya tahajia kwenye maelezo ni yaleyale.

Mzigo wangu ulifika vizuri, tena umefungwa kwa karatasi nzuri. Ndani kulikuwa na chupa peke yake. Tangazo lilisema mililita 500, iliyofika haikukaribia hapo. Nilipouliza trei iko wapi nikaambiwa nisome maelezo hadi mwisho, na kweli, chini kabisa, baada ya msururu wa hashitegi, kuna mstari unaosema vitu vingine kwenye picha ni mapambo. Marumaru ilikuwa resini, yaani plastiki ya kumimina iliyochorwa kama jiwe. Pampu ya "stili 304" ilikuwa plastiki iliyopuliziwa rangi, na haikuchukua muda ikaanza kutoa sabuni yenye udhurungi.

Hapo kwenye pampu ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo wanapowapiga watu wengi bila wenyewe kujua. Macho ya mnunuzi yapo kwenye chupa, lakini chupa ni chombo tu cha kuwekea, na hata ya plastiki inaweza kudumu miaka. Mali ni pampu. Ukiifungua utakuta kichwa, springi, kigololi kinachofanya kazi ya vali, na mrija unaoshuka hadi chini. Ukibonyeza, sabuni iliyo kwenye chumba cha pampu inasukumwa nje. Ukiachia, springi inarudisha kichwa juu, ule mvuto unakinyanyua kigololi na sabuni nyingine inapanda. Sasa, kwenye pampu nyingi za bei ya chini springi imekaa katikati ya njia ya sabuni. Kama ni chuma cha kawaida kilichoachwa kwenye majimaji usiku na mchana, kitashika kutu tu. Pampu bora springi yake huwekwa nje ya njia hiyo, au ni chuma kisichoshika kutu kwelikweli.

Na hapa ndipo hesabu ya muuzaji ilipo. Siku unapopokea mzigo, pampu inafanya kazi. Unaijaribu kwa maji, inatoa, unatabasamu, unabonyeza "nimepokea". Kutu haionekani siku hiyo. Inapoonekana, muda wa kulalamika kwenye jukwaa la mauzo mara nyingi umeshapita.

Hilo neno "304" nalo wanalitupia hovyo kama chumvi. Ni daraja la chuma kisichoshika kutu, lenye takriban asilimia 18 ya kromu na asilimia 8 ya nikeli. Chukua sumaku ya mlango wa friji uiguse pampu. Ikinata kwa nguvu, hiyo si 304. Isiponata usishangilie bado, kwa sababu plastiki nayo hainati, na kuna daraja la 201, lililopunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi, ambalo nalo kwa kawaida halivutwi na sumaku lakini hushika kutu mapema zaidi. Kwa hiyo sumaku inamkamata mwongo mmoja na kumwachia mwingine. Kwa plastiki, tumia mkono: chuma ni kizito na kina ubaridi ukikishika, plastiki haina. Halafu kigeuze kichwa cha pampu uangalie chini ya mdomo wake, pale ambapo rangi ya kupuliza haifiki vizuri. Rangi nzuri ya dhahabu huwekwa kwa mvuke ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, ikashikana na chuma. Ile ya matapeli inabanduka kwa kucha.

Kuna swali moja la kumuuliza muuzaji yeyote kabla ya kulipa: shingo ya chupa ni saizi gani? Chupa nyingi za sabuni zina shingo za kawaida, kwa mfano 28/400 au 28/410. Namba ya kwanza ni upana wa nje wa mdomo kwa milimita, ya pili ni aina ya uzi wa kufungia, ile mistari ya skrubu inayozunguka shingo, 400 ukiwa na mzunguko mmoja na 410 mmoja na nusu. Shingo ikiwa ya kawaida, pampu ikifa unanunua nyingine na chupa yako nzuri inaendelea. Isipokuwa ya kawaida, siku pampu inapokufa umebaki na chombo cha maua. Muuzaji wa kweli atakujibu, na kama hajui atachukua rula apime. Mimi nilijibiwa kwa emoji za moyo.

Kuhusu marumaru, jiwe halisi ni zito: ukubwa unaochukua lita 1 ya maji, kwa jiwe ni karibu kilo 2.7. Resini ni nyepesi na inapata joto haraka mkononi. Ukitaka uhakika, dondoshea tone la siki chini ya kitako. Marumaru halisi ni kalisi kabonati, itatoa vipovu. Lakini niseme ukweli hata kama unawapa matapeli unafuu: kwa sababu hiyohiyo, marumaru halisi haifai sana kando ya sinki. Limau, siki, hata sabuni zenye asidi ya sitriki zinaiachia madoa yaliyofifia yasiyotoka kwa kufuta. Kwa hiyo aliyeletewa resini ameletewa kitu kinachovumilia sinki kuliko alichokitaka. Wizi uko kwenye bei ya jiwe. Ukiniuliza mimi, kauri nzito yenye shingo ya kawaida inashinda zote hizi, haipinduki ukiibonyeza kwa mkono wenye mafuta na inaoshwa bila woga.

Chupa za povu ni mtego mwingine. Pampu ya povu inachanganya sabuni na hewa na kuipitisha kwenye wavu mwembamba sana, ndiyo maana inahitaji sabuni iliyolainishwa kwa maji. Ukiweka sabuni nzito ya vyombo kama ilivyo, wavu unaziba. Matangazo yanasema "inafaa sabuni yoyote", na ukiangalia video yao kwa makini utaona kilichomo ni chepesi kama maji. Ukilainisha sabuni, lainisha kiasi kidogo cha kumaliza haraka, kwa sababu maji yanapunguza nguvu ya vihifadhi vilivyowekwa kuzuia vijidudu. Na ule ushauri wao wa "ikipungua ongezea tu juu yake" upuuzeni. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, katika mwongozo wake wa mwaka 2002 wa usafi wa mikono kwa wahudumu wa afya, kilikataza kuongeza sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha, kwa sababu sabuni inaweza kuchafuka kwa bakteria. Hiyo ilikuwa ya hospitali, lakini chupa ya sinki pia hushikwa na kila mkono uliotoka kukata nyama mbichi. Iishe, ioshe, ikauke, ndipo ujaze. Chupa ambayo shingo yake hairuhusu brashi kuingia ni ya kuiacha dukani.

Zile za sensa zinazotoa sabuni zenyewe: tafuta alama ya IPX. IPX4 ina maana kifaa kinastahimili maji yanayorushwa kutoka upande wowote, na IPX7 kinaweza kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Anayeandika "haiingii maji kabisa" bila namba, mwache na sensa yake.

Hili la mwisho kuhusu bidhaa linanikera kuliko kutu. Wapo wanaochukua chupa za mafuta ya kupikia, zile ndefu za kioo zenye mdomo wa kumiminia, wanabandika kibandiko cha "sabuni" na kuziuza kama mtindo mpya wa sinki. Kibandiko chenyewe ni karatasi, kinabanduka kwa maji ya siku za mwanzo. Kinachobaki ni chupa ya kimiminika cha rangi ya dhahabu, imesimama karibu na jiko, haina jina. Mtoto ataidhani sharubati, mgeni ataimimina kwenye kikaango. Msizinunue, hata zikipendeza vipi. Na sabuni kali ya mashine ya kuoshea vyombo isihamishwe kabisa kwenye chupa ya mapambo ya aina yoyote.

Sasa mchezo wa kurudishiwa pesa. Ukilalamika, hawakatai. Wanakuita mpendwa, wanasikitika pamoja na wewe, wanaomba picha. Unatuma. Kesho wanaomba video. Unatuma. Wanasema idara husika inaangalia. Kisha linakuja pendekezo: baki na chupa, tukurudishie asilimia 15. Ukikataa, bosi kwa huruma zake ameruhusu 25. Ukikataa tena, unaambiwa urudishe bidhaa kwa gharama zako, kwa anwani iliyo nchi nyingine, na usafiri pekee unazidi thamani ya chupa. Mazungumzo yote haya yana lengo moja, kula muda wako. Kwenye majukwaa mengi, ukikubali kurudishiwa sehemu tu, faili linafungwa na huwezi kulifungua tena. Wakikuambia ufute maoni yako kwanza ndipo pesa irudi, usifute. Wakikuambia ufunge malalamiko kwenye jukwaa ili "mfumo uruhusu malipo", hapo ndipo pesa yako inapozikwa.

Msitegemee nyota pia. Fungua maoni uyasome. Chini ya chupa niliyonunua kulikuwa na mtu anasifu jinsi chaja yake inavyojaza simu haraka. Hawa wanachukua ukurasa wa bidhaa ya zamani iliyopendwa, wanabadilisha picha na jina, nyota zinabaki palepale.

Kabla ya kulipa, chukua picha ya tangazo uitafute kwa picha kwenye intaneti. Ikikuletea maduka mengi yenye majina tofauti na maelezo yanayolingana neno kwa neno, jibu umepata. Kama bado roho inaitaka, mwombe muuzaji video fupi: chupa ile, karatasi yenye tarehe ya leo pembeni, na maji yakimiminwa kutoka kwenye kikombe cha kupimia mpaka ijae. Mwenye mzigo mkononi hashindwi. Na usikubali kutoka nje ya jukwaa kulipa moja kwa moja kwa simu au benki eti utapunguziwa, kwa sababu ukitoka tu, ulinzi wote wa mnunuzi umeuacha mlangoni.

Kwa waliokwisha kulipa na wanasubiri: piga skrinishoti ya tangazo lote leo, pamoja na mililita, neno "304" na picha ya trei, maana tangazo hubadilishwa au hufutwa. Mzigo ukija, rekodi kuanzia kibandiko cha anwani kabla hujakata gundi. Usibonyeze "nimepokea" siku hiyohiyo kama jukwaa linakupa muda. Ijaze chupa maji uipime kwenye mizani ya jikoni, ukitoa uzito wa chupa tupu: mililita 500 za maji ni gramu 500, kwa hiyo mizani ikisoma 280 una ushahidi ambao hakuna "mpendwa" wa kuubishia. Fungua malalamiko kwenye jukwaa kwanza, ndipo uzungumze na muuzaji, na uzungumze humohumo ndani. Uliyelipa kwa kadi, benki inaweza kupinga malipo hayo kwa niaba yako. Kwa Visa na Mastercard, dai la bidhaa isiyolingana na tangazo kwa kawaida lina hadi siku 120, ila benki yako inaweza kutaka mapema zaidi, kwa hiyo ipigie mara tu muuzaji anapoanza kukupa asilimia.

Na wale ambao mfumo unawaonyesha mzigo "umefika" na hamjaona kitu, hiyo nayo mara nyingi ni namba ya ufuatiliaji ya mzigo wa mtu mwingine iliyobandikwa kwenye oda yako. Iombe kampuni ya usafirishaji iandike uzito wa kifurushi na eneo kilikopelekwa. Huwa hawatoi anwani kamili ya mtu, lakini wakithibitisha tu kwamba hakikuletwa kwako inatosha. Ambatanisha barua hiyo kwenye malalamiko.