Mshauri binafsi wa saikolojia Arusha: kikao cha kwanza kikoje

Huduma hii ina thamani ya pesa yake, mradi ujue unacholipia. Kikao ni dakika 50 hadi 60, na cha kwanza karibu chote huishia kwenye maswali: usingizi, hamu ya kula, pombe, dawa unazotumia, hali ya nyumbani. Wengi hutoka hapo wamevunjika moyo, wakidhani hawajasaidiwa, na hawarudi tena. Inasikitisha, maana kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Jipe vikao vitatu au vinne ndipo uamue.

Huenda ukapewa PHQ-9, dodoso la kupima sonona (huzuni iliyozidi), lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Jaza ukweli, hasa swali la mwisho, linalogusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Mshauri anayelipita juu juu, mhame.

Kabla ya kulipa, uliza amesomea wapi, na ukiahirisha siku ileile unatozwa au la. Uliza pia mipaka ya siri: uhai ukiwa hatarini, hatanyamaza. Mjini hapa watu wanajuana, kwa hiyo omba nafasi isiyokukutanisha na mteja mwingine mapokezi. Dawa huandikwa na daktari, si mwanasaikolojia.