Kambale Wetu Kapewa Nani?

Jina la baa silitaji, maana maeneo yale ziko zaidi ya moja. Ni kando ya Mto Kilombero, Kivukoni, ukitoka Ifakara kuelekea Lupiro na Mahenge. Nilingoja hasira ipoe ndipo niandike, lakini kila nikikumbuka kile kichwa cha kambale inapanda upya. Basi naandika hivi hivi.

Kwa haki kabisa, mahali ni pazuri mno. Unakaa chini ya mwembe na mto uko pale pale, masika ndiyo yanaishia, maji yamejaa mpaka yanalamba majani ya ukingoni, mitumbwi inapita na wavuvi wanakusalimia kwa sauti. Bia yangu ilikuja baridi kweli, na binti aliyetuhudumia akaifungulia mezani mbele ya macho yangu kama inavyopasa. Mjomba hanywi kitu cha baridi. Akaletewa Safari ya moto bila kuulizwa mara mbili. Hapo moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba nitapasifia kwa kila mtu.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, Mndamba, mtu wa mto ule tangu utoto. Amevua pale miaka mingi kabla miguu haijamgomea. Nilimpeleka kwa jambo moja tu: ale kambale aliyetoka majini siku ile ile, asiwe yule mkavu wa sokoni ambaye ndiye anayempata siku hizi. Binti akatupeleka uani kwenye beseni. Kambale walikuwa hai, wanapiga mikia. Mjomba akachuchumaa kwa shida, akawatazama mmoja mmoja, akachagua mkubwa mwenye sharubu moja iliyokatika. Akasema mwili ukaangwe, kichwa apikiwe mchuzi. Tukaambiwa ni shilingi 25,000 pamoja na wali, na malipo ni kwanza. Nikalipa kwa lipa namba, ujumbe ukaingia, tukarudi kukaa.

Kusubiri samaki si tatizo, anayetaka haraka ale chipsi. Tulisubiri mpaka kivuli cha mwembe kikahama meza. Sahani ilipofika ilikuwa na vipande vya kahawia, vikavu, hakuna kichwa, hakuna mchuzi. Mjomba hakula. Alibonyeza kipande kimoja, kikafumuka kama makapi. Akanusa kidole, akaniambia taratibu, "Mjomba, huyu siye. Huyu kalala kwenye friji."

Binti akatazama chini, akasema anamwita meneja.

Meneja akaja, kijana wa umri wa wajukuu wa Mjomba, simu sikioni. Hakuamkia. Mzee mwenye mvi kichwa kizima amekaa mbele yake, na shikamoo haikumtoka! Mjomba akamuuliza kwa upole ambao mimi nisingeuweza, "Baba, kichwa cha samaki wangu kiko wapi?" Kijana akajibu, "Mzee, samaki ni samaki. Mmeshalipa, kuleni." Akageuka na simu yake, akaenda kaunta.

Samaki ni samaki! Maneno hayo ayaseme mtu wa Dodoma mjini, nitamsamehe. Wewe unayefanya biashara hatua chache kutoka maji ambako watu wanaishi kwa kutofautisha kambale na kitoga na perege, unathubutu kumwambia hivyo Mndamba? Na suala si ladha peke yake. Kichwa cha samaki mkubwa ni heshima ya mzee mezani. Ukimnyima kichwa alichokichagua kwa mkono wake mwenyewe, umemwambia mbele ya watu kwamba hana uzito.

Halafu fikirini hili. Baa yoyote ya Tanzania, hata ya uchochoroni, chupa haifunguliwi kaunta ikaletwa wazi. Inafunguliwa mbele yako, ujue ni yako na haijachezewa. Nyama choma vivyo hivyo: unaonyesha paja unalolitaka, linapimwa kwenye mizani unaona, na mwenye mashaka anasimama jikoni mpaka liwekwe motoni. Taratibu hizo watu hawakuzianzisha kwa maringo, ni kwa sababu mteja akigeuka tu, kitu chake kinaweza kupata mwenye nguvu zaidi. Sasa kwa nini bia yangu ya bei ndogo ilindwe namna ile, na samaki wa elfu ishirini na tano apotelee nyuma ya mlango?

Jibu tulilipata kwa mama wa jikoni. Alitoka mwenyewe, anafuta mikono kwenye khanga, akapiga goti mbele ya Mjomba, akamwamkia, akasema ukweli bila kuzunguka: kambale wetu alikuwa tayari kwenye kikaango walipofika watu na gari kubwa, wakaagiza bia kwa kreti, na meneja akaamuru wapewe wao kwanza, na kichwa chao. Sisi tutolewe wa kwenye friji. Mama yule akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Baadaye akarudi na bakuli la perege wa kuchemsha, nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili mbuzi moja nzima inaelea, na wali wa Ifakara unaonukia kabla sahani haijatua. Akakataa pesa.

Na hapo ndipo naghadhibika zaidi, kwa sababu mchuzi ule ulikuwa mtamu kuliko wowote nilioutia mdomoni karibuni. Mjomba alikula mpaka akasugua bakuli kwa vidole. Mke wangu akasema tusiandike vibaya, mama yule ataumia. Kwa ajili yake nilikaribia kuwaambia nendeni, kaeni chini ya mwembe, kuleni perege. Kweli, perege wale mkawale.

Lakini hapana. Kabla ya daraja, mtu alikula Kivukoni kwa kuwa hakuwa na njia, pantoni iko ng'ambo na safari ya Mahenge inamngoja; hata ukimpa samaki wa juzi angekula akiwa amesimama. Tangu 2018 kuna daraja la mita 384, gari linavuka bila kupunguza mwendo. Anayesimama pale leo amesimama kwa kupenda. Baa inayomtendea mtu aliyependa kusimama kama ilivyomtendea abiria wa pantoni, nani atasimama tena? Wale wa gari kubwa wanapita mara moja. Sisi ndugu zetu wako pale pale, tuna harusi, tuna misiba, tuna wageni kila msimu.

Mkienda, basi msikae mezani. Mmoja wenu asimame jikoni na samaki wake mpaka aive, na msilipe kabla hajafika. Mkimkuta yule mama, mpeni bahasha mkononi, msipitishe kaunta.

Mimi pesa yangu sidai. Namtaka yule kijana aende kwa Mjomba, nyumba anaijua kila mvuvi wa pale, aseme shikamoo, aombe radhi. Akifanya hivyo nitarudi na ukoo mzima, nitafuta niliyoandika. Asipofanya, harusi ya mdogo wangu inakuja baada ya mavuno ya mpunga, na vinywaji tutavichukua kwa jirani yake.