Lubugo ya mita 2 kwa 3: ukutani inapendeza, kwenye kochi haifai

Lubugo hii, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba kutoka Buganda, Uganda, inauzwa kama daraja la kwanza. Kwa kazi ya nyundo, jina hilo inalistahili. Tatizo ni maelekezo ya muuzaji kwamba inafuliwa kama shuka. Usithubutu.

Humu hamna uzi uliofumwa. Gome huchunwa masika: ganda la nje linaparwa, shina linakatwa mkato wa duara juu na chini, linachanwa mstari mmoja wima, kisha kigingi cha mgomba kinasukumwa polepole mpaka gome libanduke zima. Cha chuma kingeujeruhi mti. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba, gome jipya likaota, na mutuba uleule ukachunwa tena msimu mwingine. Gome likilainishwa kwa moto au mvuke, hupigwa bandani kwa nyundo za mbao: yenye mifereji mipana kwanza, ya kati, halafu ile myembamba. Banda ni lazima, maana gome likikauka kabla ya kutanuka hupasuka. Ndiyo kazi ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Inua kipande kwenye mwanga. Mistari ya nyundo ya mwisho imefika hadi pembeni, wala hakuna mabaka mazito yaliyorukwa. Rangi ni ya chungu cha udongo, mbele na nyuma. Viraka vipo vinne, navyo si kasoro: palipokuwa na tawi hubaki tundu, fundi akaliziba kwa gome. Kasoro ni kimoja kilichobandikwa kwa gundi badala ya kushonwa. Gundi imekakamaa na ukingo unaachia.

Sasa maji. Kona iliyoloweshwa ililegea, ikikunjwa nyuzi zikaachana, na ilipokauka ikawa ngumu kama karatasi ya mfuko wa saruji. Kochini jasho na msuguano vitafanya vivyo hivyo, ila taratibu zaidi. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu.

Ukitaka kushona pazia au mkoba, weka bitana ya pamba na mishono mirefu, milimita 4 hivi. Mishono ya karibukaribu hutoboa mstari, na lubugo huchanika hapo kama stempu ya posta. Merikani nyepesi inatosha kwa bitana, ingawa ni kejeli kidogo: pamba iliyoletwa na misafara ya pwani karne ya 19 ndiyo iliyoanza kuivua Buganda lubugo, hadi ikabaki zaidi ya sherehe, matambiko na kuzikia.

Kipande hiki kilifika kimekunjwa mara nne, na kwenye makutano ya mikunjo tayari kuna ufa wa sentimita 2. Mwambie muuzaji akizungushe kwenye bomba la karatasi kabla hujalipa.