Taa ya LED ya tangi la matumbawe: ipi ununue kwanza

Zamia na leso nyekundu nje ya Malindi: ukifika mita kumi inafifia, waiona kahawia. Wekundu ndio unaomezwa na maji mwanzo. Buluu hushuka hadi chini. Vile vijimwani vinavyoishi ndani ya matumbawe na kuyapikia chakula vimezoea mwanga huo. Kwa hiyo muuzaji akikusifia wati, wewe muulize nanomita, kipimo cha rangi ya mwanga.

Ninayoiweka mbele ni taa ya chaneli mbili. Moja iwe na buluu ya nanomita 450 na 470 pamoja na urujuani kidogo, 400 hadi 420. Ya pili iwe nyeupe, na kila moja ipunguzwe na kuongezwa peke yake. Buluu ndiyo ya kulisha. Jioni nyeupe ikizimwa, kijani na chungwa la matumbawe huwaka kama kaa la jiko, na hapo ndipo wageni huacha chai yao ikapoa. Nyeupe ni ya macho yako tu, usiizidishe.

Ya pili ni zile za chaneli sita zinazoendeshwa kwa simu. Zina alfajiri, machweo, hata mawingu (matumbawe hayana habari nayo). Ningeziweka juu zaidi lau si feni: hewa yetu ya chumvi huzila. Ukipata isiyo na feni, yenye mgongo wa alumini, na mfuko unaruhusu, chukua.

Ya tatu, taa nyeupe za uani za duka la vifaa vya ujenzi, Kelvini 6500 (weupe kama wa mchana). Matumbawe laini yataishi, ila rangi itaelekea kahawia.

Taa za pinki za kukuzia miche ziache kwenye miche.

Nguvu ya mwanga nayo ina kipimo chake, PAR: matumbawe laini yatosheka na 80 hadi 150, akropora, yale magumu yenye matawi, hutaka 200 hadi 350. Mimi ya kwanza niliiwasha asilimia 100 siku ile ile. Wiki haikwisha, ncha zote za matumbawe nyeupe. Anza na asilimia 30, upandishe polepole kwa mwezi mzima.

Matumbawe yenyewe usiyang'oe katika hifadhi ya bahari ya Malindi, pale pamelindwa tangu 1968. Nunua yaliyokuzwa, yenye karatasi zake. Na kila Ijumaa pangusa kioo cha taa kwa kitambaa chenye maji baridi, taa ikiwa imezimwa. Utando wa chumvi huiba mwanga uliokwisha kuulipia.